Kivuli, Samadi na Maji: Utunzaji wa Bustani ya Nyumbani Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Katika ukanda wa kusini na mashariki mwa Mlima Kilimanjaro, kuanzia takriban mita 1,000 hadi mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, nyumba nyingi za Wachaga zimejengwa ndani kabisa ya bustani, kiasi kwamba anayepita barabarani huona migomba kwanza na paa baadaye. Ardhi hiyo huitwa kihamba, yaani shamba la makazi linalorithiwa ndani ya ukoo, ambamo migomba, mibuni, miti ya mbao na ya dawa, mboga, mazao ya mizizi na malisho ya ng'ombe wa bandani hukua pamoja katika eneo ambalo, kwa makadirio ya watafiti wa miaka ya 1980, lilikuwa na wastani wa hekta 0.68 kwa kaya. Mwanabotania Andreas Hemp, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006, alihesabu humo takriban aina 520 za mimea, zaidi ya 400 kati ya hizo zikiwa hazikupandwa na mtu, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, kupitia eneo la Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima.

Sifa hizo zimeandikwa mara nyingi, lakini ni mara chache kihamba husomwa kama mwongozo wa kazi kwa mtu mwenye kiwanja kidogo anayetaka mimea yake istawi. Vipeperushi vya kilimo hueleza zao moja moja, kila moja na nafasi yake, mbolea yake na dawa yake, kana kwamba mgomba hauna jirani. Mkulima wa kihamba hufanya kazi kwa namna nyingine: hugawa mwanga, unyevu na rutuba kati ya mimea inayoishi pamoja, na mmea mmoja unapodhoofika hutazama kwanza mimea iliyo juu yake na kando yake. Sura hii inaifuata njia hiyo, kwa kuwa sehemu kubwa ya matatizo yanayoitwa magonjwa katika bustani za nyumbani huanzia kwenye mahali mmea ulipopandwa.

Urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari

Swali la kwanza la mtunza bustani mkoani Kilimanjaro linahusu urefu wa mahali alipo, kwa sababu joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 anazopanda mtu. Mji wa Moshi uko kati ya mita 800 na 900 hivi, kwa hiyo kijiji kilicho katika mita 1,500, ambacho kwa gari ni mwendo mfupi tu, kina ubaridi unaozidi ule wa mjini kwa nyuzi takriban nne, na mvua yake ni nyingi zaidi. Mjini mvua ya mwaka kwa kawaida haifiki milimita 1,000, ilhali karibu na msitu hupita milimita 2,000, na upande wa Rombo ni mkavu kuliko upande wa kusini hata katika urefu uleule. Misimu ni miwili: masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo yenye mvua kubwa, na vuli, kati ya Oktoba na Desemba, ni fupi na haina uhakika. Miche ya kudumu, kama miparachichi, mibuni na migomba, hupandwa masika yanapoanza, ili mizizi ipate miezi ya kushika ardhi kabla ya ukavu wa Januari na Februari wa mwaka unaofuata.

Tofauti hii ya urefu hubadilisha hata ushauri ambao watu hupeana kwa nia njema. Majivu ya jikoni, kwa mfano, husifiwa kila mahali kuwa mbolea, na ni kweli kwamba yana potasiamu ambayo migomba huihitaji sana. Lakini majivu pia hupunguza tindikali ya udongo. Katika miteremko ya juu, ambako mvua za miaka mingi zimesomba chokaa na kuacha udongo wenye tindikali, majivu yanayotawanywa kidogo kidogo huleta nafuu mara mbili. Katika tambarare iliyo kusini mwa mji, kuelekea Kahe na Arusha Chini, ambako baadhi ya udongo una chumvi na magadi tayari, majivu hayohayo huongeza tatizo, na majani machanga ya mmea hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, kwa kuwa mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma.

Magonjwa nayo hufuata urefu. Mbuni unaokua mahali pa juu penye ubaridi na ukungu hushambuliwa zaidi na chulebuni, ugonjwa wa kuvu unaotia mabaka meusi yaliyodidimia kwenye buni changa, ilhali mbuni wa chini penye joto husumbuliwa zaidi na kutu ya majani, ambayo huonekana kama unga wa rangi ya machungwa upande wa chini wa jani. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao yake Lyamungo wilayani Hai, imetoa aina za mibuni zinazostahimili magonjwa yote mawili, na kwa mtu anayepanda mibuni michache nyuma ya nyumba hakuna sababu nzuri ya kuanza na miche isiyojulikana asili yake. Kwa miongo mingi kinga ilikuwa mrututu, ile dawa ya shaba yenye rangi ya buluu. Shaba haiozi wala haitoweki udongoni, na mahali ilipopuliziwa kwa muda mrefu chini ya mibuni ni vyema kutopanda mboga za majani kabla ya udongo kupimwa.

Kivuli

Kihamba kilichokamilika kina ngazi nne au zaidi za mimea. Juu kabisa husimama miti kama mringaringa, mfuruanje na msesewe, na siku hizi mgrivea ulioletwa kutoka Australia. Chini yake huja migomba. Chini ya migomba huja mibuni. Na chini ya mibuni huota magimbi, mboga na majani ya malisho, huku viazi vikuu vikipanda juu kwa kujizungusha kwenye mashina ya miti. Mpangilio huu huvunja nguvu ya matone ya mvua kabla hayajapiga udongo, hupunguza upepo na hulinda mibuni dhidi ya jua kali la mchana, jua ambalo huufanya mbuni uzae kwa wingi mno mwaka mmoja na kuchoka kabisa mwaka unaofuata.

Kivuli hata hivyo kina kipimo, na wengi hukosea kwa kukizidisha kuliko kukipunguza. Mbuni uliofunikwa sana hurefuka, hutoa majani mengi na buni chache, na unyevu unaokaa juu ya majani yake hukaribisha kuvu. Dalili iliyo rahisi kuisoma ni ardhi yenyewe: saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, sakafu ya bustani inapaswa kuwa na madoa ya mwanga yanayosogea, na ikiwa ni giza tupu matawi ya juu yanahitaji kupunguzwa. Kazi hiyo hufanywa mwishoni mwa ukame, mnamo Februari, kabla ya mawingu ya masika kuupunguza mwanga zaidi. Matawi ya chini ya mti mkubwa huondolewa kwanza, ili kivuli kitoke juu na kisogee pamoja na jua, kwani kivuli cha karibu hukaa mahali pamoja siku nzima.

Miti haina tabia moja, na hili huathiri uchaguzi wake. Mfuruanje, ulio wa jamii ya kunde, huongeza naitrojeni udongoni na una majani madogo yanayopitisha mwanga, hivyo ni jirani mwema. Mgrivea hukua upesi na hutoa mbao na kuni, lakini ukiachwa bila kupogolewa, yaani bila kukatwa matawi kwa mpango, hugeuka ukuta. Mparachichi, ambao katika wilaya za Hai, Siha na Rombo umechukua nafasi ya mibuni mingi kutokana na soko la aina ya Hass, una majani mazito yaliyojaa mwaka mzima, na mtu anayeutarajia ufunike mibuni yake atapata parachichi na kupoteza kahawa. Upewe sehemu yake, katika shimo la sentimita 60 kila upande lililojazwa udongo wa juu uliochanganywa na mboji, na mahali pasipotuama maji kamwe, kwa kuwa mizizi yake huoza haraka kuliko ya karibu mti wowote mwingine wa bustani. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa kikonyo cha aina bora juu ya shina la mche wa kienyeji, huanza kuzaa katika mwaka wa tatu au wa nne. Wakati wa kuupanda, sehemu ya kiungo ibaki juu ya udongo.

Mgomba

Mgomba ndio nguzo ya kihamba, na utunzaji wake unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu ni mmea unaovumilia uzembe kwa miaka kadhaa kabla ya kuonyesha hasara. Aina ni nyingi: mshare, unaopikwa na ndio msingi wa mtori; kisukari na kimalindi, zinazoliwa zikiiva; mzuzu, unaokaangwa au kuchomwa; na ndizi ng'ombe, ambayo ikiiva huingia kwenye mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Kupanda aina kadhaa pamoja huwa na maana ya jikoni na pia ya kinga, kama itakavyoonekana.

Chipukizi la kupanda huchaguliwa lenye majani membamba yaliyochongoka mithili ya sime, kwa kuwa majani hayo huonyesha kwamba bado linalishwa na mama na lina tunguu nene, yaani ile sehemu ya chini ya ardhi inayobeba macho na mizizi. Chipukizi lenye majani mapana likiwa bado fupi limekwishajitenga na mama, akiba yake ni ndogo, na mkungu wake wa kwanza utakuwa hafifu. Kabla ya kupandwa, tunguu humenywa kwa kisu kikali mpaka libaki jeupe, mizizi yote ya zamani ikiondolewa, kisha hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa sekunde 30. Muda huo mfupi unatosha kuua minyoo midogo ya mizizi iitwayo nematodi na mayai ya fukusi wa migomba bila kuupika mmea. Kazi hiyo haihitaji zaidi ya sufuria kubwa na kuni, nayo huzuia hasara ambayo dawa ya dukani baadaye hushindwa kuiondoa.

Migomba hupandwa kwa nafasi ya mita tatu hivi, na katika kila shina, maana yake kundi la migomba inayotoka katika tunguu moja, huachwa mitatu tu: mama mwenye mkungu au anayekaribia kuutoa, mtoto aliyefika nusu ya kimo, na mjukuu anayechipua. Machipukizi mengine hukatwa chini kabisa na kutobolewa kwenye kiini ili yasirudi. Watu wengi huyaonea huruma, na matokeo ya huruma hiyo huonekana katika bustani zisizopunguzwa, ambako migomba minane husongamana na kila mmoja hutoa mkungu wa vichane vichache. Ni vyema pia watoto wote wa bustani waachwe upande uleule wa mama zao, mathalani upande wa juu wa mteremko, ili baada ya miaka mingi mashina yasogee kwa pamoja na nafasi kati yake isipotee.

Fukusi ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu, na funza wake hutoboa tunguu mpaka mgomba uanguke kwa upepo mdogo ukiwa na mkungu wake. Mitego yake hutengenezwa kwa mgomba uliokwisha kuvunwa: kipande cha sentimita 30 hupasuliwa katikati na kulazwa chini karibu na shina, upande uliokatwa ukigusa udongo, na baada ya siku tatu fukusi waliojificha chini yake hukusanywa na kuuawa. Mashina yaliyovunwa hukatwakatwa vipande vidogo ili yakauke upesi, kwa sababu gogo zima linalooza polepole ndilo zalio la mdudu huyo. Kwa sababu hiyohiyo matandazo, yaani majani makavu yanayofunika ardhi kuzuia unyevu usipotee, huanza umbali wa nusu mita kutoka kwenye shina, ilhali desturi ya wengi ni kuyalundika shinani kabisa.

Ugonjwa unaoogopwa kuliko yote ni mnyauko fuzari, uitwao pia ugonjwa wa Panama, unaosababishwa na kuvu wa udongoni. Majani ya chini hugeuka manjano kuanzia kingoni, hukunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kama sketi kuzunguka mgomba, na shina likikatwa huonyesha mistari ya rangi ya kahawia nyekundu. Hakuna tiba, na kuvu huyo huishi ardhini kwa miongo. Kisukari hushambuliwa sana na mshare pia hauna kinga, lakini ndizi za kupika zenye asili ya Uganda na Kagera hazidhuriki na aina ya kuvu iliyoenea katika eneo hili, na hapa ndipo faida ya kuchanganya aina inapoonekana. Shina lililougua hung'olewa na kuachwa palepale, jembe na viatu huoshwa udongo wote, na mahali hapo hupandwa aina isiyodhurika au zao jingine kabisa. Kumpa jirani chipukizi kutoka bustani yenye ugonjwa, hata chipukizi linaloonekana zima, ni kumpelekea ugonjwa wenyewe.

Samadi na mboji

Rutuba ya kihamba hutoka bandani. Ng'ombe hulishwa majani ya migomba, vipande vya mashina yake na nyasi zilizokatwa kingo za mifereji au kuletwa kutoka tambarare, na kinachotoka kwake hurudi kwenye migomba. Mzunguko huo una kasoro moja iliyo wazi: ndizi na kahawa zinazouzwa sokoni huchukua madini ambayo hayarudi, hivyo kaya inayouza mikungu mingi inapaswa kuingiza kitu kutoka nje, iwe ni malisho ya kununua au mbolea ya dukani, na kujidanganya kwamba samadi ya ng'ombe mmoja itatosha milele kumeifanya migomba ya vihamba vingi ikonde.

Samadi mbichi huunguza mizizi na hubeba mbegu za magugu, kwa hiyo hurundikwa chini ya kivuli, hufunikwa majani ya migomba na kugeuzwa kila baada ya majuma mawili au matatu, hadi ipoteze harufu na joto, jambo linalochukua miezi miwili au mitatu. Asiye na mifugo hutengeneza mboji, yaani mbolea ya mabaki ya mimea yaliyooza, kwa kupanga tabaka za vitu vikavu na vibichi kwa zamu na kuzilowanisha kiasi cha sifongo lililokamuliwa. Rundo lisilopata joto lina vitu vikavu kupita kiasi au halina maji. Linalonuka limekosa hewa na linahitaji kugeuzwa. Mbolea iliyoiva huwekwa katika duara kuzunguka ncha za matawi au majani ya mmea, ambako mizizi inayofyonza ipo.

Mboga

Kuhusu mboga maneno machache yanatosha. Mnavu, mchicha, figiri na majani ya maboga huvumilia kivuli chepesi na hupendeza kando ya migomba. Sukuma wiki huhitaji mwanga zaidi na nafasi ya sentimita 45 hivi. Nyanya hutaka jua kamili. Nyanya zilizopandwa juu mlimani wakati wa masika huuawa na bakajani chelewa, ukungu unaotia majani madoa ya rangi ya maji yanayogeuka meusi, na zile za chini tangu mwaka 2014 zimekuwa na adui mwingine, kantangaze, kiwavi anayechimba ndani ya jani na kutoboa tunda. Kaya inayotaka nyanya chache za mchuzi ipande wakati wa ukame, imwagilie maji chini bila kulowesha majani, ichume na kuteketeza majani yaliyochimbwa kila juma, na isirudie nyanya, viazi mviringo au bilinganya mahali palepale msimu unaofuata.

Maji

Miteremko ya kusini imechanjwa na mifereji ya kale, iitwayo mfongo kwa Kichaga, inayochota maji ya mito juu karibu na msitu na kuyashusha kwa mwinamo mdogo sana hadi vihambani, ikichimbwa na kusafishwa kwa nguvu ya pamoja na maji yakigawiwa kwa zamu. Mifereji mingi imekauka au kuachwa, na iliyobaki hupishana na mabomba. Mwenye zamu ya mfereji ayaingize maji kwa wingi mara moja na kuyaacha yazame, kwa maana umwagiliaji wa juu juu wa kila siku hufundisha mizizi kubaki karibu na uso wa ardhi, ambako siku mbili za jua zinatosha kuiua.

Mjini Moshi, katika mitaa kama Pasua, Majengo na Soweto, hali ni tofauti: viwanja ni vidogo, maji yana mita, na nyua nyingi zimemwagwa zege ambalo hurudisha joto usiku. Hapo gunia lililojazwa udongo na mboji, lenye mhimili wa kokoto katikati wa kusambaza maji, na lililotobolewa pembeni kwa ajili ya miche, hutoa mboga za kaya ndogo. Maji ya kuoshea mboga na mchele hufaa, yale yenye sabuni nyingi au magadi hayafai.

Suala la maji linahusu pia mimea ya vyungu, ambayo ina mwakilishi wa mlima huu aliyesafiri mbali. Isale, ambalo kwa Wachaga ni mpaka wa kihamba, alama ya kaburi na jani linalopelekwa kwa aliyekosewa kuomba msamaha, ni jamii ya drasena ileile inayouzwa Ulaya na Marekani kama pambo la sebuleni. Kipande cha shina chenye urefu wa shibri kikichomekwa katika udongo wenye unyevu huota mizizi bila shida. Ndani ya nyumba huhitaji mwanga usio wa jua moja kwa moja, na maji pale tu udongo wa juu unapokuwa umekauka. Vidugamba na vidung'ata, wadudu weupe au wa kahawia wanaong'ang'ania kwenye mikunjo ya majani, hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na sisimizi wanaowalinda kwa ajili ya utamu wao huzuiwa kwa kuweka chungu juu ya sahani yenye maji. Ikiwa ncha za majani zinakauka na kuwa kahawia ingawa mmea unapata maji ya kutosha, sababu mara nyingi ni floridi, madini ambayo isale hushindwa kuyavumilia na ambayo ni mengi katika baadhi ya visima vya maeneo ya volkeno ya kaskazini mwa Tanzania, yale yale yanayotia meno ya watu rangi ya kahawia. Mmea huo basi umwagiliwe maji ya mvua yaliyokingwa kutoka kwenye bati, na udongo wa chungu ubadilishwe mara moja.